BWAWA LA KUOGELEA: MABOMBA NA MITAMBO IPANGWE KABLA YA JEMBE KUGUSA UDONGO

Huenda mmoja wenu akauliza: ukurasa wa chama cha wafanyakazi una haja gani na bwawa la kuogelea, kitu cha uani kwa tajiri? Jibu letu ni fupi. Anayeogelea ni tajiri, lakini anayechimba shimo ni mfanyakazi, anayelaza mabomba ni mfanyakazi, na anayetia dawa kila jioni ni mfanyakazi. Kosa likitokea, huyo huyo ndiye wa kwanza kulaumiwa, na mara nyingine ndiye wa kwanza kuumia.

Watu wa West Nile wamezoea kufuata kazi mbali. Tangu zamani za ukoloni vijana wa huko walishuka kusini kukata miwa katika mashamba ya Kakira na Lugazi, na wengi walirudi kwao na ufundi walioupata viwandani. Siku hizi kazi ya ufundi imewafuata nyumbani. Arua ilifanywa jiji tarehe 1 Julai 2020. Koboko, ambayo ni wilaya tangu mwaka 2005, imekaa karibu na mipaka ya Kongo na Sudan Kusini, na biashara ya mpakani imeleta mahoteli, nyumba za wageni na majumba yenye ua mkubwa. Basi mwenye nyumba humwita fundi aliyemwekea bomba la jikoni, akamwambia: "Wewe unajua maji, nijengee bwawa."

Ndugu, maji ya jikoni na maji ya bwawa si kazi moja. Maji ya jikoni huja, hutumika, hwenda zake. Maji ya bwawa hukaa, na kila siku lazima yatolewe, yachujwe, yatiwe dawa na kurudishwa. Mabomba ya kazi hiyo huzikwa chini ya zege. Kinachozikwa vibaya hakisahihishwi ila kwa nyundo, na gharama ya nyundo hiyo mara nyingi hukatwa katika malipo ya fundi. Kwa hiyo twaeleza hapa mambo ya kupangwa kwenye karatasi kwanza.

HESABU YA MAJI

Tuchukue bwawa la kawaida la nyumbani: urefu mita 8, upana mita 4, kina cha wastani mita 1.4. Zidisha, utapata mita za ujazo 44.8, yaani lita 44,800. Kwa jerikeni ya lita 20, hizo ni jerikeni 2,240.

Hesabu hii aambiwe mwenye nyumba mapema. Maji ya bomba ya Arua yametegemea mto Enyau kwa miaka mingi, na wakati wa kiangazi, kuanzia Desemba mpaka Machi, kila mtu anajua foleni ya jerikeni ilivyo. Kujaza bwawa wakati huo ni kutafuta ugomvi na majirani. Tena bwawa halijazwi mara moja likaisha. Ikiwa jua litakausha milimita 5 kwa siku, bwawa letu la mfano litapoteza lita 160, yaani jerikeni 8, kila siku ya Mungu.

Dawa ya jambo hili iko juu ya paa. Arua hupata mvua ya zaidi ya milimita 1,200 katika mwaka wa kawaida. Paa la mabati la mita za mraba 100 hupokea hapo lita 120,000. Hata tukiondoa sehemu moja katika tano kwa kumwagika na kukauka, hubaki lita 96,000, ambazo ni mara mbili ya bwawa lote. Basi fundi mwenye busara huchora bomba la kutoka kwenye mifereji ya paa hadi kwenye tangi siku ile ile anapochora mabomba ya bwawa. Akisahau, baadaye atakuta sakafu imekwisha kumwagwa.

Maji yakitoka kisimani, yapimwe kwanza. Visima vingine vina chuma. Chota ndoo moja, tia klorini kidogo, iache usiku kucha. Maji yakigeuka rangi ya kutu, ujue bwawa zima litageuka vivyo hivyo, na kuta zitapata madoa.

SAFARI YA MAJI

Njia ya maji ni moja, na kila mfanyakazi wa bwawa yafaa aijue kwa moyo. Maji hutoka bwawani kwa milango miwili: sanduku la ukutani linalonyonya uso wa maji, ambalo mafundi huliita skima, na matundu ya chini kabisa sakafuni. Kila mlango una bomba lake na vali yake, ili mmoja ukiharibika ufungwe na mwingine uendelee. Mabomba hayo huingia kwenye pampu, ambayo mbele yake ina kikapu cha kunasa majani. Pampu husukuma maji ndani ya mchujio wa mchanga. Yakitoka humo hupokea dawa, kisha hurudi bwawani kwa matundu mawili au matatu ya ukutani.

Skima iwekwe upande ule ambao upepo husukumia majani. Matundu ya kurudisha yawekwe upande wa pili, yakielekezwa ili maji yazunguke na kupeleka taka kwenye skima. Ukiyaweka pamoja, maji safi yatarudi mara moja kwenye pampu, na kona za mbali zitaota ukijani.

UPANA WA BOMBA

Hapa ndipo makosa mengi hutokea, kwa sababu bomba jembamba ni rahisi dukani.

Bwawa la nyumbani lafaa maji yake yote yapite mchujioni kwa muda wa saa 6 hadi 8. Lita 44,800 kwa saa 6 ni lita 7,500 hivi kwa saa. Maji hayo yakipita katika bomba la milimita 32, hukimbia zaidi ya mita 3 kwa sekunde. Hiyo ni mbio mno: bomba hupiga kelele, pampu huchoka, na viungo huanza kuvuja. Yakipita katika bomba la milimita 50, mwendo huwa mita 1.3 hivi, na katika la milimita 63 haufiki mita 1. Kanuni njema ni kwamba upande wa kunyonya mwendo usipite mita 1.5 kwa sekunde. Kwa bwawa la mfano wetu, twashauri milimita 63 upande wa kunyonya na 50 upande wa kurudisha.

Kumbukeni jambo hili: ukipunguza upana wa bomba kwa nusu bila kupunguza maji, ugumu wa kuyapitisha huongezeka kiasi cha mara 30. Ndiyo maana mwenye nyumba anayebana pesa za mabomba halafu akanunua pampu kubwa hapati faida. Hulipa umeme wa kusuguana na bomba. Tena pampu kubwa kupita kiasi hupitisha maji kwa nguvu mchujioni, na uchafu ukapenya mchanga bila kunaswa.

Kona kali za mraba zipunguzwe. Kona mbili za nusu hupitisha maji vizuri kuliko moja kali. Mabomba yawe ya plastiki ya presha, si yale mepesi ya maji machafu. Na pande zote mbili za pampu ziwekwe viungo vya kufungulika, ambavyo mafundi huviita yunioni, ili pampu itolewe bila msumeno. Naam, hata mabomba yanajua faida ya yunioni.

Mchujio wenye upana wa sentimita 60 unatosha kwa maji hayo. Mchanga wake ni mchanga maalum uliooshwa na kuchekechwa. Mchanga wa kujengea kutoka mtoni una udongo na haufai.

MATUNDU YA CHINI YAWE MAWILI

Ndugu, tukiwaomba mshike jambo moja tu katika makala hii, ni hili. Tundu la kunyonya la sakafuni lisiwe moja.

Tuseme tundu lina mfuniko wa upana wa sentimita 20, na pampu inanyonya kwa nusu ya nguvu ya hewa ya kawaida. Mwili wa mtu ukiziba tundu hilo kabisa, hushikwa kwa uzito wa kilo 160 hivi. Hakuna mtoto awezaye kujinasua hapo, na hata mtu mzima anayemvuta huenda asiweze.

Haya si maneno ya kutishana. Mwaka 2002 huko Marekani mtoto wa miaka saba, Virginia Graeme Baker, alinaswa na tundu la namna hiyo katika bwawa dogo la maji ya moto. Mama yake alijaribu kumvuta akashindwa, na mtoto akafa. Alikuwa mjukuu wa James Baker, aliyekuwa waziri wa mambo ya nje wa nchi ile. Mwaka 2007 serikali ya Marekani ilipitisha sheria yenye jina la mtoto huyo, juu ya mifuniko na matundu ya mabwawa.

Kinga yake ni rahisi, lakini hufanyika wakati wa kulaza mabomba tu. Weka matundu mawili, yaachane mita moja au zaidi, yaungwe kwa bomba moja la T. Mtu akiziba moja, pampu hunyonya kwa lile la pili na kumwachia. Kati ya matundu hayo na T usiweke vali, kwa maana vali ikifungwa hubaki tundu moja. Mifuniko iwe ya mbonyeo, isiyozibika na mwili, iliyokazwa kwa skrubu. Mfuniko ukivunjika, pampu izimwe na watu watoke majini siku hiyo hiyo.

Katika mchoro huo huo aonyeshe pia ua wa kuzunguka bwawa, wenye kimo cha mita 1.2 au zaidi, na lango linalojifunga lenyewe. Watoto watakaolijia bwawa si wa mwenye nyumba peke yake. Watakuwamo wa mpishi, wa mlinzi na wa jirani.

PAMPU NA UMEME

Arua iko mita 1,200 hivi juu ya bahari. Hewa ya mahali pa juu ni nyepesi, na hewa ndiyo inayosukuma maji kupanda kwenye pampu. Usawa wa bahari, pampu kamili ingeweza kunyonya maji kutoka kina cha mita 10 hivi. Kwa mwinuko wa Arua hata mita 9 haifiki, na kwa kazi halisi ni pungufu sana. Basi pampu isiwekwe mbali wala juu. Iwe karibu na bwawa kadiri usalama unavyoruhusu, na ikiwezekana chini kidogo ya usawa wa maji, pamoja na vali za kuyazuia inapofunguliwa. Lakini chumba chake kiwe na madirisha na njia ya maji ya mvua kutoka. Shimo lisilo na hewa si chumba cha kazi.

Kwa miaka mingi Arua na Koboko zilikuwa mbali na gridi ya taifa, zikitegemea mashine za dizeli, kisha kituo cha maji cha Nyagak chenye uwezo wa megawati 3.5 kilichoanza kazi mwaka 2012. Wazee wa huko hawahitaji kufundishwa thamani ya yuniti moja. Pampu ya kilowati 0.75 ikienda saa 8, hula yuniti 6 kwa siku, yaani 180 kwa mwezi. Mwenye nyumba ajue hivyo kabla ya kujenga, maana akishindwa kulipa umeme bwawa litakuwa nyumba ya mbu.

Swichi na pampu zikae mita 3.5 au zaidi kutoka ukingoni. Njia ya umeme iwe na kifaa cha kukata umeme unapovuja, kile cha miliampia 30, na vyuma vyote viungwe na waya wa ardhi. Taa za ndani ya maji ziwe za volti 12. Kazi hii ifanywe na fundi umeme mwenye kibali. Fundi bomba asikubali kuunga waya kwa kuambiwa kwamba ni kazi ndogo.

DAWA

Klorini ndiyo inayoua vijidudu. Kiasi cha kawaida ni miligramu 1 hadi 3 katika kila lita, na kipimo cha ukali wa maji, ambacho mafundi hukiita pi-echi, kiwe kati ya 7.2 na 7.6. Kwa bwawa la mfano wetu, gramu 70 hivi za unga wa klorini wa asilimia 65 huongeza miligramu 1. Kwa kuwa jua hula klorini, dawa itiwe jioni.

Mtia dawa ashike sheria tatu. Kwanza, unga hutiwa kwenye maji. Maji hayamwagwi juu ya unga. Pili, klorini isichanganywe kamwe na asidi, wala aina moja ya klorini na aina nyingine, hata kwa kutumia kopo moja. Klorini na asidi hutoa gesi. Hiyo ndiyo gesi iliyotumika vitani huko Ypres, Ubelgiji, mwezi wa Aprili 1915, ikaua askari kwa kuunguza mapafu yao. Tatu, dawa ziwekwe mahali pakavu penye hewa, asidi mbali na klorini, na chumba kifungwe kwa ufunguo. Chumba hiki nacho kichorwe tangu mwanzo. Kisipochorwa, dawa huishia stoo ya chakula au chumbani kwa mlinzi.

MAJI MACHAFU YATAKWENDA WAPI?

Geji ya mchujio ikipanda kiasi cha nusu baa juu ya ilivyokuwa mchanga ulipokuwa safi, mchujio huoshwa kwa kurudisha maji kinyume kwa dakika 3 hivi. Kila mara hutoka lita 375, karibu jerikeni 19 za maji yenye uchafu na dawa. Yasielekezwe kwenye kijito, kisimani wala shambani kwa jirani. Lipangwe shimo la kunywea maji, mbali na visima, lenye mawe na kokoto, na bomba lake liwe na mteremko. Watu wa chini ya mlima nao wanakunywa.

KABLA YA KUFUKIA

Mabomba yakishaungwa, gundi iachwe ikauke siku moja. Kisha yazibwe, yatiwe maji kwa presha ya baa 2, na geji iachwe saa 24. Sindano ikishuka, pana mvujo. Utafutwe sasa, si mwezi ujao. Presha ibaki wakati zege linamwagwa, ili bomba likipigwa na koleo lijulikane papo hapo. Mwenye nyumba au msimamizi aione geji na kutia sahihi. Mchoro wa mabomba, wenye vipimo kutoka ukutani, ufanywe nakala mbili, moja ya mwenye nyumba na moja ya fundi. Maji yakimwagika hayazoleki, lakini karatasi yenye sahihi humkinga fundi.

HAKI YA MWENYE JEMBE

Shimo la bwawa hili, pamoja na nafasi ya kuta, ni zaidi ya mita za ujazo 60. Kwa tani moja na nusu kila mita, ni zaidi ya tani 90 za udongo zitakazonyanyuliwa kwa mikono. Ukingo ukianguka, mita moja tu ya udongo yatosha kumwua mtu. Kwa hiyo kuta za shimo zitiwe mteremko au zishikiliwe kwa mbao, udongo ulioinuliwa uwekwe mita moja kutoka ukingoni, na baada ya mvua mtu asishuke kabla shimo halijakaguliwa.

Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya Uganda ya mwaka 2006 yamtaka mwajiri atoe vifaa vya kujikinga bila kumtoza mfanyakazi. Viatu, glavu, miwani ya mtia dawa na barakoa yake si zawadi ya tajiri. Mfanyakazi anayeumia kazini ana haki chini ya Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi, na yafaa atoe habari bila kukawia, kwa mwajiri na kwa ofisa wa kazi wa wilaya. Na yule anayebaki kulitunza bwawa asikubali kuitwa kibarua milele. Kanuni za Ajira za mwaka 2011 zasema kwamba kibarua aliyefanya kazi miezi minne mfululizo ana haki ya mkataba wa maandishi.

Basi ndugu, anapokuja mtu kukuita ujenge bwawa, usianze kwa kuuliza jembe liko wapi. Uliza maji yatatoka wapi na yatakwenda wapi. Uliza matundu ya chini ni mangapi, dawa zitakaa chumba gani, na nani atatia sahihi. Mchoro usiokuwa na majibu hayo haujawa tayari kuchimbiwa. Kulisema hilo mapema ni kazi ya fundi, na kumsimamia fundi aliyelisema ni kazi ya chama.

Umoja ni nguvu.